Tiba na shule kwa mtoto mwenye ulemavu Nyanda za Juu Kusini: njia nzima, kutoka zahanati hadi chumba cha mtihani

Wazazi wengi wa Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe humweka mtoto nyumbani wakisema atakwenda shule akishapona. Ulemavu mwingi hauendi hivyo. Mtindio wa ubongo, yaani shida ya misuli na mwendo itokanayo na ubongo kudhurika mapema, haumwishi mtoto. Kinachobadilika ni yale anayoweza kufanya, na hayo hubadilika haraka zaidi akiwa anafanyiwa mazoezi na huku anasoma na wenzake. Kwa hiyo hapa njia ya hospitali na njia ya shule zinaendeshwa pamoja, kwa faili moja linalobebwa kote.

Faili

Nunua faili la plastiki lenye kifungo. Karatasi haivumilii mvua za Rungwe, na mtaalamu asiyeona kumbukumbu za nyuma huanza upya. Ndani weka kadi ya kliniki, cheti cha kuzaliwa, kadi ya bima kama ipo, picha ndogo nne za mtoto, kila karatasi ya rufaa na majibu ya vipimo, pamoja na daftari. Kwenye daftari andika tarehe, aliyekuhudumia, alichosema, dawa na kipimo chake, na siku ya kurudi. Kisha piga picha kila karatasi kwa simu.

Kama cheti cha kuzaliwa hakipo, kishughulikie mapema, maana ndicho hukwamisha mambo mbele. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitano ulizia kituo cha afya au ofisi ya kata, ambako usajili wa umri huo hufanyika bila malipo. Aliyevuka miaka mitano anasajiliwa kupitia ofisi ya mkuu wa wilaya, zinakofanyika kazi za RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo.

Dalili za kukutoa nyumbani

Zipo dalili zisizosubiri hata wiki. Mboni ya jicho inayoonekana nyeupe inaweza kuwa mtoto wa jicho, na inaweza kuwa saratani. Zote mbili huwapata hata wachanga. Mtoto wa jicho akichelewa kutolewa, ubongo haujifunzi kuona hata kama upasuaji utafanikiwa. Kichwa kinachokua upesi kuliko mwili, macho yakitazama chini, ni maji kichwani. Uvimbe au kidonda uti wa mgongo tangu kuzaliwa ni mgongo wazi. Degedege bila homa, au inayojirudia, nayo ni safari ya siku hiyohiyo.

Nyingine zinakupa muda kidogo, lakini si wa kusubiri mavuno yaishe: shingo haijakaza akiwa na miezi minne, hajakaa mwenyewe hadi miezi tisa, hatembei hadi mwaka na nusu, au umri huo hana neno hata moja, hashtuki mlango ukibamizwa, anatumia mkono mmoja tu kabla hajafikisha mwaka, au amepoteza maneno aliyokuwa nayo. Mtu akikwambia "atakua tu, hata baba yake alichelewa kutembea", mshukuru, kisha mpeleke mtoto.

Hospitalini

Anza zahanati au kituo cha afya cha karibu na utoke na karatasi ya rufaa. Ukiruka ngazi unaweza kulipishwa zaidi au kurudishwa. Mweleze mhudumu waziwazi unachotaka: "Naomba rufaa ya idara ya tiba ya viungo, mtoto hajakaa na ana miezi kumi na moja." Sentensi yenye umri na jambo moja mahususi hufanya kazi kuliko "mtoto hana nguvu". Hospitali za rufaa za mikoa zina idara za tiba ya viungo, na juu yake ipo Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Wanging'ombe, mkoani Njombe, kipo kituo cha utengamao, yaani cha kumrudishia mtu uwezo wa mwili, cha Inuka. Iringa mjini ipo Neema Crafts, iliyoanzishwa mwaka 2003 chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana. Inajulikana kwa karakana wanazofanyia kazi watu wenye ulemavu, nayo imekuwa pia na huduma ya mazoezi kwa watoto. Upasuaji wa viungo unaozidi uwezo wa huku mara nyingi hupelekwa hospitali ya CCBRT, Dar es Salaam, au ya KCMC, Moshi.

Piga simu kabla ya kusafiri. Kliniki za watoto wenye ulemavu huwa na siku maalumu kwa wiki, na aliyetoka Makete au Ileje akafika siku isiyo yake amepoteza nauli na mara nyingi hatarudi tena. Kama unakaa mbali, uliza kama wanalaza mtoto pamoja na mzazi. Wiki mbili za mazoezi ya kila siku huku wewe unafundishwa zina faida kuliko safari ya dakika ishirini za tiba kila mwezi.

Kuhusu malipo: watoto wa chini ya miaka mitano wamo kwenye kundi la msamaha katika vituo vya serikali. Aliyezidi umri huo na familia haina uwezo, nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali ukiwa na barua ya mtendaji wa kijiji au mtaa, na uende kabla hujafika dirisha la malipo. Ukishalipa, kurudishiwa ni kazi. Msamaha na bima mara nyingi havigusi vifaa kama viatu maalumu, vyuma vya miguu na kiti mwendo, kwa hiyo uliza bei yake siku ya kwanza ili uanze kutafuta mapema.

Kabla hujatoka chumba cha mazoezi, mwombe mtaalamu akuangalie wewe ukilifanya zoezi, mikono yako juu ya mtoto wako. Kumtazama yeye akilifanya hakutoshi. Ukifika nyumbani mikono haitakumbuka pa kushika. Mwombe ruhusa umrekodi kwa simu. Kisha ulize mambo matatu na kuyaandika: mara ngapi kwa siku, dalili gani ikitokea niache, na lini nirudi.

Mguu kifundo, hasa msimu wa baridi

Mtoto aliyezaliwa nyayo zimegeukia ndani hutibika vizuri bila upasuaji mkubwa akianza katika wiki za kwanza za maisha. Mguu hunyooshwa taratibu na kufungwa plasta ngumu, ile inayoitwa hogo, inayobadilishwa kila wiki, kwa kawaida mara tano hadi saba. Wengi hukatwa kidogo kano ya kisigino, wakafungwa hogo la mwisho la wiki tatu. Baada ya hapo huvaa viatu vilivyounganishwa kwa chuma: saa 23 kwa siku kwa miezi mitatu, kisha usiku na wakati wa usingizi wa mchana hadi umri wa miaka minne au mitano.

Tiba huharibikia kwenye viatu. Mguu ukishanyooka mzazi huona kazi imekwisha, mtoto analia usiku, viatu vinawekwa darini, na ndani ya miezi mguu unarudi ulikotoka. Kilio cha siku chache za mwanzo ni cha kuzoea. Kilio kinachoendelea, chenye wekundu usiopotea au malengelenge kisiginoni, maana yake kiatu hakikukaa sawa, nacho kinarekebishwa kliniki. Usikivue ukasubiri tarehe.

Mwezi Juni na Julai, Njombe na Mufindi, hogo hukauka polepole. Usimkalishe mtoto karibu na jiko ili likauke. Hupasuka, na ngozi iliyo ndani inaweza kuungua bila wewe kuona. Liache wazi ndani ya nyumba, huku mwili wote mwingine ukiwa umefunikwa vizuri. Kwenye bodaboda wakati wa mvua, lifunike kwa mfuko wa plastiki safarini na uuvue ukifika. Kila asubuhi bonyeza vidole vya mguu: vinapaswa kuwa vya moto, na rangi irudi mara moja ukiachia. Vikiwa vya baridi, vimevimba, vimebadilika rangi, au vimezama ndani kwa sababu hogo limeteleza, rudi siku hiyohiyo.

Mtindio wa ubongo: kazi kubwa iko nyumbani

Mtaalamu humwona mtoto labda nusu saa kwa wiki. Saa zilizobaki ni zako, na namna mtoto anavyobebwa, anavyolishwa na anavyokalishwa ndiyo tiba yenyewe. Anayelala chali godorodani kutwa nzima hukakamaa, viungo hujikunja, na kifua hujaa makohozi.

Kumbeba. Mtoto ambaye miguu yake hukakamaa na kupishana kama mkasi, mbebe mgongoni au kiunoni, mapaja yametanuka pande mbili. Mbeleko inafanya kazi hii vizuri sana, mradi shingo imeshikiliwa kama bado haijakaza. Usimnyanyue kwa kuvuta mikono. Miguu ikigoma kufunguka, usivute vifundo. Kunja kwanza nyonga na magoti, subiri misuli ilegee, ndipo uitanue. Kunyoosha kiungo ni polepole, shikilia sekunde 30 hivi bila kurukisha, kisha achia. Kumkanda kwa mafuta na kumvuta kwa nguvu hadi alie hufanya misuli ijibane zaidi, na mfupa dhaifu unaweza kuvunjika.

Kumlisha. Hapa ndipo watoto wengi wanapopotea. Chakula kikiingia kwenye mapafu, homa ya mapafu hufuata, tena na tena. Mkalishe wima, kichwa kimeinama mbele kidogo, kidevu kikielekea kifuani. Wewe kaa mbele yake, uso wako usawa wa uso wake. Usimlaze, usimrudishe kichwa nyuma, na usimmiminie uji mdomoni. Uji mzito kidogo humezwa salama kuliko maji. Tumia kijiko kidogo, bonyeza katikati ya ulimi, subiri ameze ndipo ulete kingine. Mlo unaweza kuchukua dakika 30 au zaidi. Akikohoa kila mlo, sauti ikawa ya maji baada ya kumeza, au uzito ukisimama, mwambie mtaalamu mapema. Ongeza karanga zilizosagwa, maziwa au mafuta kidogo kwenye uji, maana anakula kidogo kwa kuchoka.

Kumkalisha. Fundi seremala mtaani anaweza kutengeneza kiti cha kona, chenye mgongo wa mbao mbili zinazokutana kama kona ya ukuta, kwa mbao za msonobari, ambazo huku hazina shida. Mpe vipimo: nyonga, magoti na vifundo vyote vikae kwa pembe mraba. Kina cha kalio ni kutoka mgongoni hadi nyuma ya goti, toa sentimita tatu hivi. Miguu iguse ubao, isining'inie. Meza ya mbele iwe usawa wa viwiko. Kosa la kawaida ni kutengeneza kikubwa "ili akue nacho". Mtoto huteleza, mgongo hupinda, na baada ya mwezi kiti kinaachiwa kuku. Tengeneza kinachomfaa leo, na weka vipande vya mbao vya kujaza nafasi unavyoweza kuvitoa akikua.

Moto. Kwenye baridi familia huota moto wa kuni, na mtoto mwenye kifafa au asiye na mizani huangukia jikoni. Kovu la kuungua huvuta kiungo, na hapo umepata ulemavu wa pili juu ya wa kwanza. Zungushia jiko uzio wa mawe au matofali, na mahali pake pa kukaa pawe upande wa ukutani. Dawa za kifafa haziachwi ghafla hata kama ameshinda mwaka bila kuanguka. Akianguka, mlaze ubavu, usimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni.

Kuzungumza naye. Tumia lugha ya nyumbani, iwe Kinyakyusa, Kihehe, Kibena au Kisafwa. Mtoto mwenye shida ya usemi hajengi lugha kwa maneno ya Kiswahili anayosikia kliniki tu. Kiziwi anahitaji ishara mapema, na familia nzima ijifunze, si mama peke yake.

Kiti mwendo

Usipokee kiti kwa sababu kimetolewa bure. Pima upana wa nyonga zake akiwa amekaa: kiti kiwe sawa na hapo, kisipwaye. Pima kutoka nyuma ya makalio hadi nyuma ya goti, toa sentimita 3 hadi 6: hicho ndicho kina cha kalio. Kwa njia za vijijini za milimani, kiti chenye magurudumu matatu, gurudumu la mbele likiwa mbali na kubwa, huvuka makorongo. Vile vya hospitali vyenye vigurudumu vidogo mbele huzama kwenye udongo. Matairi yawe ya saizi ya baiskeli, yazibwe na fundi yeyote. Asiyehisi miguu anahitaji mto mnene, ajiinue au ainamishwe mbele kila nusu saa, na ngozi ya makalio ikaguliwe kila jioni. Wekundu usioisha ndani ya nusu saa ni mwanzo wa kidonda. Msimamishe kukalia hapo hadi uishe.

Shule

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto mwenye ulemavu haki sawa ya elimu, pamoja na huduma za kumsaidia kusoma. Uandikishaji wa elimu ya awali na darasa la kwanza hufanyika kati ya Oktoba na Desemba, masomo huanza Januari. Wewe anza kabla, Julai au Agosti, kwa sababu kabla ya kuandikishwa mtoto anatakiwa apimwe mahitaji yake ya kujifunza.

Nenda ofisi ya halmashauri, idara ya elimu, umwone afisa anayeshughulikia elimu maalumu. Kila halmashauri ina anayebeba kazi hiyo hata kama ana nyingine. Mpelekee faili. Ulizia upimaji unafanyika wapi na lini, kisha uliza shule zilizopo. Kuna tatu za kuchagua: shule ya kawaida iliyo jumuishi karibu na nyumbani, shule ya kawaida yenye kitengo cha elimu maalumu, na shule maalumu, mara nyingi ya bweni. Kwa ukanda huu Mtwivila ya Iringa inafundisha viziwi, na Makalala ya Mafinga na Katumba II ya Rungwe zimekuwa zikipokea watoto wenye mahitaji maalumu. Kwa sekondari, Lugalo ya Iringa imepokea wanafunzi wasioona. Nafasi huwa chache, kwa hiyo usimtoe mtoto kwenye shule ya karibu kabla hujapata barua ya nafasi.

Mtoto mwenye mtindio mwepesi, mwenye uoni hafifu au anayetembelea magongo mara nyingi anafaa shule ya karibu. Mtoto kiziwi asiye na lugha yoyote ni jambo lingine: darasa la kawaida lisilo na lugha ya alama humkalisha miaka yote ya shule ya msingi akinakili herufi asizozielewa. Kwake kitengo chenye walimu wa lugha ya alama kina faida hata kama ni mbali. Bweni lina uzito wake. Kabla hujamwacha hapo, ingia bwenini ujionee vitanda na vyoo, muulize mlezi wa usiku ni nani, nani anatoa dawa ya kifafa, na kwa simu ipi utampata. Panga kumtembelea bila kutoa taarifa. Mtoto asiyeweza kusema kilichompata anahitaji mtu anayekuja.

Mwalimu mkuu akisema hawezi kumpokea kwa kuwa hana mwalimu wa elimu maalumu, usigombane. Mwombe kwa heshima akuandikie hivyo kwenye barua. Mara nyingi mazungumzo hubadilika hapo. Yasipobadilika, andika barua kwa afisa elimu kata, nakala kwa afisa elimu maalumu wa halmashauri, upeleke nakala mbili na yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Sheria hiyohiyo inataka kuwe na kamati za watu wenye ulemavu tangu ngazi ya kijiji na mtaa. Mjumbe wao akifuatana nawe, jibu huja upesi zaidi.

Akishapokelewa, choo kinaamua kama atabaki, kabla hata ya kitabu. Msichana anayetambaa hadi kwenye choo chenye maji sakafuni huacha kunywa maji, kisha huacha shule akivunja ungo. Kaa na kamati ya shule mpange tundu moja: mlango wa upana wa sentimita 90 unaofunguka nje, kiti cha kukalia juu ya tundu, na bomba la kushikia ukutani. Ngazi ya mlango wa darasa hupandwa kwa mteremko wenye urefu mara 12 ya kimo chake: kizingiti cha sentimita 15 kinahitaji mteremko wa sentimita 180. Mfupi kuliko huo, kiti hurudi nyuma. Upigwe zege lenye mikwaruzo, kwa ajili ya matope.

Mtoto mwenye ualbino akae mbele, mwanga utoke nyuma au ubavuni, aruhusiwe kusogea ubaoni. Baridi ya Uyole au Mafinga isikudanganye: juu ya milima jua huchoma ngozi hata kukiwa na ubaridi. Kofia pana, mikono mirefu na mafuta ya kujikinga ni vya kila siku, mawingu yakiwepo pia.

Kila muhula mpe mwalimu ukurasa mmoja: anachoweza, asichoweza, akae wapi, dawa gani saa ngapi, na zoezi gani afanye. Mtaalamu wa tiba ya viungo anaweza kuandika mistari mitano, na mwalimu atatekeleza. Kusimama kwenye meza dakika 15 wakati wa kuandika ni zoezi na ni somo.

Mitihani na baada yake

Baraza la Mitihani huwaongezea watahiniwa wenye mahitaji maalumu dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine, na hutoa maandishi makubwa, au nukta nundu kwa wasioona. Hayaji yenyewe. Aina ya ulemavu lazima iandikwe wakati shule inasajili watahiniwa, hivyo mzazi muulize mwalimu mkuu mwanzoni mwa mwaka wa mtihani na uone kwa macho yako jina la mtoto na mahitaji yake kwenye fomu.

Anayeendelea chuo kikuu na kuomba mkopo wa elimu ya juu atahitaji ulemavu wake uthibitishwe na mganga mkuu wa wilaya au mkoa. Faili la zamani hurahisisha uthibitisho huo. Anayekwenda kwenye kazi ya mikono, karakana kama za Neema Crafts na vyuo vya ufundi ndiyo mlango, na akiwa kwenye kikundi anaweza kuomba mkopo usio na riba kutoka asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambapo asilimia 2 ni ya watu wenye ulemavu. Afisa maendeleo ya jamii ndiye anayepokea maombi, na kikundi huombwa katiba, akaunti ya benki na andiko fupi la mradi. Andiko lionyeshe bei za sokoni mnakouzia, Mwanjelwa au kwingineko, kwa takwimu za wiki hiyo, na liwe na jina la atakayebeba mzigo kutoka nyumbani hadi sokoni. Hilo la usafiri ndilo maombi mengi hulisahau.